Neno Alilolisikia Bibi

Kwa, kwa, kwa. Kimya. Kwa, kwa, kwa.

Kijiko alifumbua macho gizani, akatega sikio. Ilikuwa sauti ya chekecheo linalopigwapigwa kwa kiganja, unga ukishuka taratibu kwenye beseni. Aliijua sauti hiyo tangu utotoni, na ndiyo maana ilimtoa kitandani mbio. Aliyekuwa akichekecha unga hivyo katika nyumba ile ni marehemu Babu, na Babu alikuwa na mwaka wa sita sasa kaburini.

Kijiko hakuogopa mizimu. Aliogopa mtu kugusa vitu vya Babu. Alijitanda mtandio, akavaa ndala kinyume, ya kulia mguu wa kushoto, akapita ukumbini kwa kunyata ili wageni wa vyumba vya mbele wasiamke.

Nyumba yao ya wageni ilikuwa na vyumba vinne tu. Bibi ndiye mwenye nyumba. Shangazi ndiye mwenye funguo, mashuka na kitabu cha kuandikisha wageni. Kijiko ndiye mpishi, na jina lenyewe alilipatia hukohuko jikoni. Alikuja kulelewa na Bibi akiwa na miaka minne, wazazi wake walipofariki, na tangu siku ile hakuna sufuria iliyoinjikwa asiitie kijiko kuonja. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na tabia ni ileile.

Wageni walivuka bahari kuja kisiwani kuona matumbawe maji yakipwa, msitu wenye popo wakubwa kama paka, mapango, na akina mama wanaofuma mikeka kwa vidole visivyotazamwa. Wakila samaki aliyevuliwa asubuhi ileile, walifumba macho. Nyumbani hawakuitwa kwa majina, waliitwa kwa namba za vyumba. "Namba Moja hali vitunguu." "Namba Nne kaungua jua, mpelekeeni maji."

Na aliyekuwa jikoni alfajiri ile, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko, alikuwa Namba Tatu.

"Umerogwa?" Kijiko alinong'ona kwa ukali. "Nani kakuambia uguse hivyo vitu?"

Namba Tatu aligeuka. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, mabega ya mtu wa kazi, na macho yanayotangulia kucheka kabla ya mdomo. Kwa siku kumi na mbili alizokaa pale, macho yale yalikuwa yameshamuunguzia Kijiko wali mara tatu.

"Salamu kwanza," alisema.

"Salamu baadaye. Nani kakuruhusu?"

"Bibi."

"Bibi yupi?"

"Kwani unao wangapi? Nimemkuta hapa anawasha moto wa chai. Nikamwambia, 'Bibi, leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Nimekuja kuoka, kwa ruhusa yako.' Akaniangalia weee! Akaweka kuni chini. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea baraka, machozi yanamtoka."

"Bibi kalia?"

"Kalia, kisha kacheka. Akaniuliza, 'Kijiko mwenyewe anajua?' Nikamwambia anajua, tulizungumza jana, amekubali. Akasema, 'Basi mume wangu, ngoja nikawaambie wenzangu.' Akachukua fimbo yake, huyo!"

Kijiko alikunja uso. Jana alikubali kweli, lakini kwa sharti Bibi aruhusu, na alijua Bibi hataruhusu. Na hiyo mume wangu? Bibi aliwaita hivyo wajukuu wake wa kiume tu, kwa utani, wala hakuwahi kumwita mgeni hivyo. Lakini pia hakuwahi kumruhusu mtu alifunue tanuri la Babu. Lilikuwa uani, la matofali na udongo, limefunikwa gunia tangu siku ya msiba. Babu alikuwa akiwaokea mikate jirani zao wote, na alipokwenda, Bibi alilifunika kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mpaka lini. Labda furaha ya kusikia litawashwa ndiyo iliyomtoa mzee wa watu machozi.

"Basi sogea," alisema Kijiko. "Usinimalizie beseni peke yako."

Wakakanda pamoja. Nje jogoo wa jirani aliwika mara moja, akajifikiria, akalala tena.

"Unakumbuka siku ya tatu?" Namba Tatu aliuliza.

"Nitasahau? Nimekuletea mkate wa chai, umeutafuna, umenyamaza kama mtu aliyepewa habari za msiba."

"Ulinilazimisha niseme."

"Ukasema mkate wangu umekandwa kwa hasira!"

"Ulikuwa umekandwa kwa hasira."

Kijiko alicheka hadi unga ukamwingia puani. Ni siku ile ndipo alipojua kwamba mgeni wake ni mwoka mikate, mwenye duka lake na mama yake huko ng'ambo. Wengine nyumbani hawakujua. Namba Tatu alikuwa ameandika kitabuni "mwokaji", lakini mwandiko wake ulikuwa wa kuku, na Shangazi alisoma "mwokoaji". Alimtangazia kila mtu kwamba safari hii wamempata mgeni anayeokoa watu wanaozama. Baba Mdogo, nahodha wa boti ya abiria, alifurahi kupata mtu wa namna hiyo, mpaka alipomwona ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, macho kayafumba. Kijiko alikuwa amepanga kuwasahihisha, lakini kila akikumbuka alicheka, na siku zikapita hivyo.

Sasa zilikuwa zimekwisha. Boti ilikuwa inaondoka saa tisa alasiri. Kijiko alijua saa hiyo kama mtu anavyojua jino linalouma: hakuligusa, lakini hakulisahau.

"Umenyamaza," Namba Tatu alisema.

"Nakanda."

"Kwa hasira?"

Kijiko alikuwa anamkumbuka mtu mwingine. Miaka mitatu nyuma, mpiga picha mmoja alikaa Namba Mbili mwezi mzima. Alipiga picha popo, mapango, mikeka, na Kijiko akiparua magamba ya samaki. Siku ya kuondoka alimshika mkono akamwambia, "Kisiwa hiki lazima nitakirudia, kabla ya mvua." Mvua zilikuja mara tatu, na kila zilipokaribia, Kijiko alifua mapazia ya Namba Mbili. Shangazi alikuwa anamwona akiyaanika, hakusema kitu. Mwaka wa tatu Shangazi mwenyewe aliyaanua, akayakunja, akayafungia kabatini.

Ndiyo maana sasa Kijiko alikanda kimya. Moyo ukishaungua kwa uji, hata maziwa ya baridi huyapuliza.

*

Jua lilipochomoza mikate ya kwanza ilikuwa imeiva. Namba Tatu aliitoa tanurini kwa ubao mrefu, akagonga kitako cha mmoja kwa kidole, akausikiliza kama daktari. Harufu iliruka ukuta. Jirani wa kulia akauliza kwa sauti kuna nini, jirani wa kushoto akajibu kabla hajaulizwa. Kijiko aliumega mkate ungali wa moto, akaonja, akafumba macho. Alipoyafumbua, Namba Tatu alikuwa anamtazama, na hakuyakwepesha macho yake, wala yeye hakuyakwepesha yake. Wakabaki hivyo, mvuke wa mkate ukipanda katikati yao.

"Namba Tatu!" Sauti ya Shangazi ilitoka dirishani. "Unatakiwa sebuleni. Sasa hivi. Nawa mikono."

Sebuleni, Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha kati, amevaa koti lake jeusi la harusi na misiba. Shangazi alikaa pembeni yake, funguo mapajani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa gauni jipya, uso unang'aa kama sahani iliyosuguliwa.

Namba Tatu aliingia na unga kwenye nyusi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa," alisema Shangazi. "Siyo hapo. Pale."

Akakaa pale.

Baba Mdogo alikohoa. "Kijana, mama yetu ametueleza ulilomwambia alfajiri. Tumeshtuka. Sikusema tumechukia. Tumeshtuka."

"Nisameheni, Baba. Najua ilinipasa kuja kwenu kwanza."

"Ilikupasa!" Shangazi alidakia.

"Lakini hamu ilinizidi, Shangazi. Tangu siku ya tatu, nilipoona kitu kizuri kama kile kimekaa tu uani, miaka inapita, hakuna anayekishughulikia, roho iliniuma."

Shangazi alikaa wima. "Kitu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kimekaa uani?"

"Tena kimefunikwa gunia."

Baba Mdogo alimgeukia dada yake polepole. "Mnamvisha gunia?"

"Muulize yeye, mimi sijui anasema nini!"

"Sisemi uongo, wazee wangu," Namba Tatu aliendelea, maana aliona wamevutika. "Umri umekwenda kidogo. Kuna mahali pana ufa. Lakini bado kina moto wake. Kikipata mtu wa kukitunza, kitawafaa miaka mingi."

"Una hakika?" Baba Mdogo aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Hakika, Baba. Hii kazi mimi siyo mgeni nayo. Nimeianza nina miaka kumi na saba."

"Kumi na saba! Na mpaka sasa... mara ngapi?"

Namba Tatu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Siku za kawaida, mia mbili. Siku za sikukuu, hadi mia nne."

Baba Mdogo alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Mia nne."

"Kwa siku moja?" Shangazi aliuliza, mkono kifuani.

"Kwa siku, Shangazi. Nisipoweza peke yangu, mama hunisaidia."

"Mama yako anajua mambo haya?"

"Ndiye aliyenifundisha."

Wakati huo Kijiko alikuwa mlangoni na sinia la mikate, amesikia kuanzia kwenye gunia. Alitazama koti jeusi la Baba Mdogo, na gauni jipya la Bibi. Akakumbuka ile "mume wangu". Joto likampanda kutoka shingoni hadi kwenye masikio.

"Baba Mdogo," alisema, "mmeambiwa huyu amekuja kufanya nini?"

"Kuoa! Si amemwambia mama? 'Bibi, nimekuja kuoa, kwa ruhusa yako'?"

"Kuoka," alisema Kijiko. "Alisema kuoka. Mikate. Hii hapa."

Baba Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mia nne!" alilia. "Nikasema, huyu ni mtu au ni ofisi ya ndoa?" Shangazi alijaribu kujizuia, funguo zikamwanguka, akaziacha, akacheka na yeye hadi akalala ubavu kwenye kochi. "Mwokaji!" alisema akifuta macho. "Kumbe ni mwokaji! Na mimi nimetangaza..." Namba Tatu alikuwa ameduwaa, unga kwenye nyusi, anarudia maneno yake mwenyewe moja moja, na kila aliporudia moja alizidi kujikunyata.

Kijiko naye alikuwa anacheka, mpaka macho yake yalipomwangukia Bibi.

Bibi alikuwa anatazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeachwa na wenzake njiani. Mikono yake ilikuwa imeanza kulikunja gauni jipya.

"Alisema kuoka?" aliuliza taratibu.

Kicheko kikafa chenyewe.

"Nimewaambia watu sita njiani," alisema Bibi. "Fundi viatu. Muuza maziwa. Nimemwamsha mke wa mwalimu." Akashika sikio lake la kushoto kama mtu anayeshika kitu kilichovunjika. "Mwaka mzima nasema vijana wa siku hizi wananong'ona. Kumbe ni mimi."

Namba Tatu aliinuka. Alipita mbele ya koti jeusi na funguo zilizoanguka, akapiga goti mbele ya kiti cha dirishani, upande wa kulia.

"Bibi," alisema, na hakupiga kelele, alisema wazi tu. "Hukukosea kusikia. Nilikosea mimi kusema. Nilipoingia jikoni nilikuwa na neno moja moyoni na jingine mdomoni. Nikatoa la mdomoni kwa sababu ya woga. Wewe ukalisikia la moyoni."

"Namba Tatu," alisema Shangazi, "zungumza maneno ya watu wa kawaida."

Namba Tatu alivuta pumzi. "Nataka kumuoa Kijiko."

Kijiko aliweka sinia mezani taratibu sana, akatoka nje.

*

Namba Tatu alimkuta uani, amesimama kando ya tanuri.

"Kijiko."

"Una moyo mzuri," alisema bila kugeuka. "Nimeona ulivyomsitiri Bibi. Mungu atakulipa. Lakini mimi siyo kitambaa cha kumfutia Bibi machozi."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo! Saa tisa utapanda boti. Utakaa nyuma, utakitazama kisiwa kikipungua, utasema, kisiwa kizuri kile. Wote husema. Kisha unashuka upande wa pili, una mchanga viatuni na picha mbili tatu, basi."

"Niulize niliona nini mapangoni."

"Nini?"

"Ulinipeleka mapangoni juzi. Niulize niliona nini."

"Haya, uliona nini?"

"Sijui. Sijui mawe ni meupe au meusi. Ulinishika mkono kwenye ngazi, nikawa naomba zile ngazi zisiishe. Kule msituni mwenzangu wa Namba Nne kahesabu popo arobaini. Mimi nimeona mmoja, na huyo alinipita usoni."

Kijiko alibana midomo ili isicheke. "Umelipa safari yote hii usione kitu?"

"Na samaki wako. Siku kumi na mbili nimekula samaki."

"Umewafurahia, usinidanganye. Umekula hadi vichwa."

"Sipendi samaki."

Hapo Kijiko aligeuka. "Hupendi samaki?"

"Tangu utotoni. Harufu tu inanitosha."

"Ulikula vichwa, wewe!"

"Ulikuwa umekaa unaniangalia."

Walitazamana. Kijiko alihisi kicheko na kilio vikigombania mlango mmoja. Akachagua hasira, maana aliizoea.

"Kwa hiyo utabaki?"

"Hapana," Namba Tatu alisema. "Hilo sitakudanganya. Nina mama, nina wafanyakazi wanne, nina mtaa mzima unaoamka ukitafuta mkate. Lazima niende. Lakini tarehe kumi ya mwezi ujao..."

"Usinipe tarehe!" Sauti yake ilipasuka. "Nakuomba. Mwenzio alinipa mvua, nikazingoja. Nipe chochote, usinipe tarehe."

"Sawa," alisema. "Sikupi."

"Namba Tatu!" Shangazi aliita kutoka ndani. "Njoo huku, maswali hayajaisha! Mama yako ana umri gani, na anapenda kulala chumba cha upande gani?"

Alikwenda. Kijiko aliketi kwenye gogo la kukatia kuni, akajifunika uso kwa mtandio. Akasikia fimbo ikija, tok, tok, kisha uzito mdogo ukakaa kando yake.

"Sogea, mke mwenzangu," alisema Bibi. Ndiyo utani wake tangu Babu alipokuwa hai, akimwita Kijiko mke wake mdogo.

"Bibi, pole kwa ya leo."

"Pole ya nini? Masikio ni yangu. Yamefanya kazi miaka sabini na tisa, acha yapumzike." Akamgeukia. "Yule kijana alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba sikio la kushoto halifanyi kazi. Tangu siku ya pili. Hukumwona? Siku zote hukaa kulia kwangu. Nikikaa pembeni ya ukuta, anahamisha kiti. Watu wangu wa damu hamkugundua, na yeye kagundua, wala hakumwambia mtu. Leo tu ndiyo kanisemesha kushoto, kwa sababu alikuwa na gunia la unga begani upande wa pili."

Kijiko alishusha mtandio. Aliziona siku kumi na mbili zikipita mbele yake: kiti kikiburutwa, kiti kikizungushwa meza, na yeye akidhani mgeni anakwepa jua.

"Ndiyo ninavyosema, Bibi. Ana huruma. Kasema vile kwa huruma."

"Sikiliza. Kwa huruma mtu hukupisha kiti. Anakushika mkono ukivuka. Hakuletei mama yake toka ng'ambo, kama yule alivyotuahidi." Bibi aligonga fimbo chini. "Mimi nimemtazama usoni alipokuwa anasema. Macho yangu bado mazima."

"Ninaogopa, Bibi."

"Najua. Nilikuona ukifua yale mapazia." Akampapasa mgongo, kama alivyompapasa akiwa na miaka minne. "Sikusema neno, nikadhani utaona aibu. Ningesema. Ningefua na wewe."

Kijiko akaegemeza kichwa kwenye bega la Bibi, lile bega jembamba lenye harufu ya moshi na sabuni, akalia kidogo, siyo sana. Kisha wakaingia ndani wakala mkate.

*

Saa tisa kasoro robo, nusu ya mtaa ilikuwa gatini. Fundi viatu alikuja kumwona bwana harusi. Muuza maziwa alikuja kuuliza kama ni kweli alisema kuoka. Mke wa mwalimu alikuja kwa sababu alikwisha kuamshwa, na hakutaka usingizi wake upotee bure. Kila mmoja alikuwa na kipande cha mkate mkononi.

Shangazi alimkabidhi Namba Tatu kifurushi cha chakula cha njiani. "Mayai, ndizi na mkate," alisema. "Hakuna samaki. Nimesikia yote, dirisha la sebule haliko mbali na uani." Kisha akapunguza sauti. "Masharti umeyasikia. Unakuja na wazee wako. Wakiwa na meno, wasiwe na meno, waje. Na ukimliza, usinionyeshe uso wako."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na mimi nitampima baharini," alisema Baba Mdogo, ambaye alikuwa ameshabadili koti akavaa shati lake la kazi. "Safari nzima ya saa mbili na nusu, mimi na yeye, na kuogelea hajui. Atajibu kila swali." Akaruka ndani ya boti.

Namba Tatu alimuaga Bibi, kwenye sikio la kulia. Bibi alimwambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia, wakacheka wote wawili. Mwisho akasimama mbele ya Kijiko.

Kijiko alikuwa amejiandaa. Alijua maneno yatakayokuja, aliyajua kwa moyo. Lakini Namba Tatu alimshika mkono tu, mkono wake mkubwa mkavu wenye unga kwenye kucha, na alipofungua mdomo alisema, "Asante, Kijiko. Kwa kila kitu."

Akauachia mkono. Akashuka ngazi za gati akihesabu kila hatua, akakaa nyuma ya boti, akashika ukingo kwa mikono miwili.

Hakusema atarudi. Hakusema kabla ya mvua, wala baada ya mvua. Kijiko alimwomba asimpe tarehe, naye hakumpa. Alitii, kama alivyohamisha viti siku kumi na mbili bila kumwambia mtu. Kijiko alisimama pale, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba safari hii hakuna atakayemsemea. Neno lilikuwa limeachwa mikononi mwake, la moto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi, na alikuwa na hiari ya kulishika au kuliacha lianguke.

Kamba ikafunguliwa. Mashine ikakohoa, ikashika. Kati ya boti na gati ukatokea mstari wa maji, mwembamba kama utepe, ukaanza kupanuka.

"Baba Mdogo!" Kijiko alipiga kelele. "Ngoja!"

"Nini tena?"

Kijiko alikuwa ameshakimbia hadi mwisho wa gati, ndala moja imebaki nyuma, mtandio umemwanguka mabegani. Fundi viatu akampisha. Muuza maziwa akanyanyua kibuyu chake kisipigwe teke. Namba Tatu alikuwa ameinuka, yeye asiyejua kuogelea, amesimama ndani ya boti inayoyumba na hajashika kitu chochote.

"Wewe!" Kijiko aliita, na sauti yake ilitoka nzima, haikutetemeka. "Safari hii ulikuja kukiona kisiwa. Njoo tena, uje kuniona mimi!"